Lifti Zisizo na Tarehe

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, halafu mama, halafu wale watundu wawili. Najua mama akisikia ametajwa wa pili atanuna mpaka kesho, kwa hiyo ukimsomea aya hii mtangulize yeye. Aya zinazofuata usimsomee. Zisome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, kisha uamue mwenyewe lipi la kumwambia na lipi la kumezea.

Goti lake linaendeleaje? Bado anasema fimbo ni ya wazee? Na kitinda mimba wako, ameshaacha kulala na viatu? Mimi mwilini sijambo. Nakula, natembea, nguo zinanitosha. Usingizi tu ndio tuliokosana nao.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu, na kila ulipoitika nilijikuta nauliza kama huko mvua imenyesha. Mara ya tatu ukaniuliza kama nina homa. Kwenye simu naweza kukukatizia kwa kisingizio chochote. Kwenye karatasi nimejifunga mwenyewe, maana nimekwisha kununua bahasha na kuandika jina lako juu yake.

Ni habari za mumeo. Kwamba yuko ndani, hilo unalijua. Unajua pia kuhusu lifti iliyoanguka kwenye lile jengo la ghorofa tisa, lenye duka la miwani chini, Jumanne saa tano asubuhi. Ndani yake alikuwemo mwalimu mstaafu mmoja aliyekuwa ametoka kuchukua miwani yake mipya na kupanda kumwonyesha binti yake, ghorofa ya saba. Alikaa hospitali siku mbili. Ya tatu akafariki. Nilikwenda kwenye mazishi nikasimama nyuma kabisa, na mtu mmoja akanishika bega akaniuliza nilimfahamu marehemu kwa njia gani. Nikamwambia tulikuwa majirani.

Ulichoniambia mara ya mwisho ndicho kilichoniketisha hapa. Ulisema mpelelezi alikusomea kwa simu karatasi ya kampuni, na kwenye karatasi hiyo imeandikwa kwamba lifti ile ilikaguliwa tarehe tatu ya mwezi uliotangulia, na fundi aliyekagua ni mumeo. Ukasema tarehe tatu unaikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yako, kwa sababu ndiyo siku aliyowasindikiza kituoni mkienda huko kwa mama na basi likaharibika kabla halijaondoka, mkakaa juu ya mabegi mpaka jioni, yeye akiwachekesha watoto. Basi ukajumlisha: kama alikuwa nawe kutwa nzima, hakukagua, na kama hakukagua na jina lake lipo, amejaza uongo, na mtu amekufa. Ukaniambia hujui tena umeolewa na nani.

Dada, ujumlishaji wako ni sahihi mpaka hatua ya mwisho. Hakukagua, ni kweli. Karatasi ni ya uongo, ni kweli. Lakini uongo huo hauna mkono wake. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo, kwa kuwa nikianzia mwisho hutanielewa, na nataka unielewe hata kama hutanisamehe.

Unakumbuka ni yeye aliyenipeleka pale kazini. Aliniombea kwa Mkurugenzi, akasema shemeji yangu huyu anajua kompyuta kama mimi ninavyojua kamba za chuma. Miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa lifti. Wenzake walimwita Sikio, kwa kuwa akiingia kwenye lifti hufumba macho, akatulia, na ikifika juu amekwisha kujua kinachougua ni beringi au breki. Mimi walinipa meza karibu na dirisha na kazi ya kutunza kumbukumbu.

Mwaka jana kampuni yetu ilimeza nyingine mbili. Ghafla tukawa na lifti mia sita na kumi na mbili, za kila kabila: mpya zinazoongea, kuukuu zenye geti la kukunja, za mizigo, za kubeba vitanda, hata kijilifti cha hoteli kinachopandisha sahani tu. Hifadhidata yetu ya zamani ilikuwa ya majedwali. Safu hii andika aina ya mlango, safu hii uzito, safu hii tarehe ya ukaguzi. Ukiacha kimoja hupiti. Ilikuwa kama karani mkali wa shule: fomu haijakamilika, rudi nyumbani kamlete mzazi. Lifti za wenzetu zikagoma kuingia. Nyingine hazina mlango, nyingine zina milango miwili, nyingine kumbukumbu zake ni daftari lenye madoa ya chai.

Mimi ndiye niliyependekeza tuhamie kwenye hifadhidata ya nyaraka, zile wenzangu huziita NoSQL. Sitakuchosha. Humo hakuna majedwali. Kila lifti inapewa jalada lake, na ndani ya jalada unaweka ulichonacho. Ina milango miwili, andika miwili. Haina mlango, usiandike kitu. Hakuna anayekuuliza. Na uzuri wake ni wa kweli, sitaki uone kama nimelaaniwa na mashine. Ukifungua jalada moja unaona maisha yote ya lifti kwa mara moja, kamba iliyobadilishwa, breki iliyolalamikiwa, jina la mlinzi mwenye ufunguo, bila kuzunguka majedwali kumi ukiokoteza. Mafundi walifungua kwa simu zao wakiwa juu ya paa, na jibu likaja kabla hawajafuta jasho. Kazi tuliyokadiria miezi minane iliisha kwa wiki tatu. Mkurugenzi alinisimamisha mbele ya watu akasema mimi ni dhahabu. Shemeji alipiga makofi mpaka nikaona aibu.

Ubaya wake ni uleule uzuri wake. Mwenye nyumba anayepokea kila mgeni bila kumuuliza jina, siku akihesabu watu wake hajui nani hayupo.

Kila Jumatatu niliiuliza hifadhidata swali moja: nipe lifti zote ambazo tarehe ya ukaguzi wa mwisho imepita siku sitini. Jibu lilichapwa, na hiyo ndiyo ikawa orodha ya mafundi kwa wiki nzima. Sasa sikiliza. Lifti yenye tarehe ya zamani, inatoka. Lifti yenye tarehe mpya, haitoki. Lifti ambayo jalada lake halina tarehe kabisa, haitoki pia. Haiwekewi alama nyekundu, hailalamikiwi, haipo tu. Karani mkali angeikataa mlangoni na sote tungejua. Mwenye nyumba mkarimu aliipokea, akaipa kiti gizani, akanyamaza.

Kwa mafundi, Mkurugenzi alikuwa ametoa amri. Hakuna kwenda nje ya orodha. Alisema mafundi wawili wanakutana kwenye lifti moja huku nyingine inasubiri, na kwamba mambo ya kubeba ramani ya mji kichwani yamepitwa na wakati. Akakusanya madaftari yao yote. La mumeo ulilijua, lile la jalada jeusi lililofungwa kwa mpira. Alilitoa kama mtu anayevua pete.

Mwezi wa tano wa mfumo mpya akaja mezani kwangu akiwa na kikombe cha chai, akakaa ukingoni kama kawaida yake. Akaniambia orodha imekuwa nyepesi mno. Akaniuliza mbona jengo la duka la miwani halioni kwenye orodha siku hizi, wakati zamani haikuwa ikipita miezi miwili bila yeye kwenda kupaka grisi. Nilikuwa nimeshika jambo jingine, sikuinua hata uso. Nikamjibu kwamba labda kapewa fundi mwingine, na nikaongeza, kwa ile sauti yangu unayoichukia, kwamba kompyuta haisahau. Akanywa chai yake. Kisha akasema, “Haisahau, sawa. Lakini nani aliikumbusha?”

Nikacheka, Dada. Niliona ni mzaha.

Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii bila chai. Alikutana sokoni na mlinzi wa jengo lile, na mlinzi akamwambia lifti yao imeanza kusaga meno ikishuka, na juu ya kile kijichumba chake cha kubebea watu kunadondoka unga mwekundu. Shemeji aliniambia unga ule si vumbi. Ni kamba ya chuma inajila yenyewe kwa ndani. Alikuwa amekwenda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa, akaambiwa kama lifti ina shida orodha itaileta. Akaniomba nitafute namba ya lifti ile moja tu. Alipoondoka alinigusa bega, akasema ananiamini.

Nilitafuta. Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito, nimeacha kalamu mara mbili nikaenda kusimama jikoni.

Jalada lilikuwepo, na lilikuwa zuri: mtengenezaji, uzito, ghorofa tisa, jina la mlinzi. Tarehe ya ukaguzi haikuwepo. Yule aliyenakili tarehe kutoka kwenye madaftari ya mafundi, yaliyokuwa mapya kuliko majedwali, alikuta imeandikwa “kama kawaida,” akaona hiyo si tarehe, akaruka. Nikabadilisha swali. Nikaiuliza hifadhidata: nipe ambazo hazina tarehe. Sikuwahi kuiuliza hivyo hata siku moja. Ikanijibu upesi, kama iliyokuwa inasubiri kuulizwa. Arobaini na moja.

Ilikuwa Alhamisi mchana, ofisi imejaa watu, mashine ya kuchapia inalia, mtu anacheka kwenye korido. 

Nilichotakiwa kufanya hata mtoto wako mdogo angekifanya. Ningeinuka, nitembee hatua ishirini mpaka kwa Mkurugenzi, niseme lifti arobaini na moja zizimwe leo. Lakini Jumatatu iliyofuata wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kuutazama mfumo wangu. Walitaka ripoti ya lifti zote mia sita na kumi na mbili, na ripoti ingekwama kila ikifika kwenye zile zisizo na tarehe. Nilijiona nimesimama mbele yao na dhahabu yangu imegeuka bati. Nikajiambia nivuke kwanza Jumatatu.

Nikaandika amri moja, mstari mmoja tu. Kila jalada lisilo na tarehe lijazwe tarehe tatu ya mwezi uliopita. Na kwa kuwa ripoti ilitaka pia jina la fundi, amri ikachukua jina la fundi wa eneo husika. Nilibonyeza. Hifadhidata haikuniuliza tarehe hii umeitoa wapi. Haikuniuliza chochote. Ilipokea, kama inavyopokea kila kitu, na nusu ya dakika haikuisha, lifti arobaini na moja zikawa zimekaguliwa.

Kwa nini tarehe tatu? Sijui. Ilikuwa ya karibu kutosha isitie shaka na ya mbali kutosha isionekane mpya. Sikufikiria basi lenu. Sikufikiria kwamba siku ile ni ya mtu.

Ndiyo hiyo, Dada. Karatasi aliyokusomea mpelelezi niliiandika mimi. Jina la mumeo niliweka mimi, bila hata kulitazama, maana halikuja mbele ya macho yangu kama jina. Lilikuja kama sehemu iliyokuwa tupu ikajaa.

Shemeji aliponiuliza Ijumaa nilimwambia nimeiona, iko sawa, itakuja kwenye orodha. Jumatatu wakaguzi walikuja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akaomba apewe picha ya skrini. Jumanne nikasema kesho. Jumatano nikasema nitaanza na tano tano ili isionekane. Mlinipa jina la Chiriku kwa sababu siwezi kukaa na neno dakika mbili. Hili nilikaa nalo siku kumi na mbili tangu ile Alhamisi. Jumanne ya pili, saa tano asubuhi, simu zote za ofisini zikalia pamoja.

Walipofungua shimo walikuta kamba zimekatika uzi mmoja mmoja, kazi ya miezi. Breki ya dharura, ile inayotakiwa kung'ata reli lifti ikizidi mwendo, ilikuwa imeganda kwa kutu. Grisi kidogo tu ingetosha, fundi mwenzake aliniambia, huku akilia. Saa tisa walikuja kumchukua Shemeji. Alipita mbele ya meza yangu. Alikuwa ameduwaa, anarudia kwamba yeye lifti ile hajaigusa tangu mwaka jana, na polisi anamwambia basi mbona jina lako lipo. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayewaeleza. Nikainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo ofisini wanazungumza chini chini. Juzi Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole sana ni nani mwingine mwenye ufunguo wa hifadhidata. Nikamwambia ni mimi na yeye. Akasema vizuri. Akasema nakala za akiba za mwezi uliopita zinajaza nafasi bure, nizisafishe kabla ya Ijumaa. Hakunikazia macho. Alikuwa anapanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine, kwa urefu. Ndipo nikajua kwamba anajua, na kwamba anachotaka ni mimi nifute mahali pekee panapoonyesha kuwa tarehe ile haikuwepo.

Sikuzifuta. Nakala ya Jumatano, siku moja kabla ya amri yangu, ninayo. Humo jalada la lifti ile halina tarehe wala jina la fundi. Jana asubuhi niliipeleka kwa mpelelezi mwenyewe, pamoja na ile amri niliyoiandika, na nikaeleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe. Alijaza kurasa nne. Mara kwa mara alinisimamisha akauliza, kwa hiyo mashine haikukosea? Nikamwambia mashine ilifanya nilichoiambia. Akanitaka nisisafiri, na nirudi Ijumaa na mtu wa kunitetea. Alisema mumeo anaweza kuachiwa siku hiyohiyo, na kwa namna alivyolisema nilielewa kwamba anayetoka na anayeingia huenda wakapishana mlangoni.

Leo asubuhi waliniruhusu nimwone Shemeji. Amekonda lakini amenyoa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Nilitegemea atanipigia kelele, na ningeshukuru. Alitazama viganja vyake. Kisha akaniuliza, “Hizo arobaini zilizobaki zinatembea?”

Hicho ndicho alichouliza. Hakuuliza kwa nini.

Nikamwambia zinatembea. Ishirini na nane kati yake zina anwani, na tangu jana mafundi wawili waliokubali kunisikiliza bila ruhusa ya Mkurugenzi walikuwa wakizunguka kuzizima. Kumi na mbili hazina anwani. Jalada linasema aina, uzito, urefu wa kamba, na jina la mlinzi ambaye simu yake haipatikani. Aliniomba daftari lake jeusi. Nikamwambia madaftari yalichanwa mwezi uleule yalipokusanywa. Akafumba macho. Kisha akaanza kuniambia nimsomee moja moja, na nilipokuwa nikimsomea uzito na mtengenezaji alikuwa akiinamisha kichwa kama anavyofanya akiwa ndani ya lifti. Hiyo ni ya kiwanda cha sabuni, akasema. Hiyo inagonga mara mbili kabla ya kusimama, iko nyuma ya benki ya zamani. Alizitambua tano. Nyingine saba ni za zile kampuni tulizozimeza, hakuwahi kuzisikia.

Leo jioni mafundi wamenipigia. Thelathini na tatu zimezimwa. Kwenye mbili walikuta unga mwekundu. Zile saba hakuna ajuaye ziko wapi. Mpelelezi amesema atatangaza, lakini atatangaza nini, Dada? Lifti ya kijivu, watu sita? Moja ni ya kubeba vitanda, hilo tu ndilo jalada lake linalolisema wazi. Nyingine sita zinaweza kuwa popote, kwa sababu moja ya kampuni zile ilikuwa na kazi mpaka huko mliko.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nikitoka, kama nitatoka, nitakuja niuombe nikiwa mbele yako, na ukinifungia mlango nitaelewa. Ninachokuomba sasa ni kumhusu yeye. Mpigie kwa simu ya mpelelezi siku hiyohiyo utakayoipata barua hii, kabla ya Ijumaa. Usingoje aachiwe ndipo umwamini. Hiyo haitakuwa imani, itakuwa hukumu ya polisi. Mwambie unajua alikuwa wapi tarehe tatu. Anaomba habari zako kwa kila anayekuja, na hakuna anayethubutu kumwambia ulichosema.

Nisalimie mama, mwambie nina kazi nyingi. Wabusu watoto kwenye paji la uso, yule mdogo mara mbili kwa kuwa husema nampendelea mkubwa. Wasalimie majirani waliotulea.

Na tafadhali, Dada, popote mtakapoingia, hata kama ni ghorofa ya kumi, hata kama mama atalalamika njia nzima, mshike mkono mpande ngazi.

Mdogo wako,
Chiriku